Mwenye Ruhusa Yuko Usagara

Juzi saa tatu asubuhi nilikuwa Butimba kwa mkutano wa chama chetu cha wauza dagaa, kama tovuti ya chama ilivyotangaza. Wanachama tulijaa, viongozi hakuna. Nikaenda ofisini nimefura.

"Mkutano ulihamishiwa Usagara," karani akaniambia.

"Sasa mbona hukurekebisha tangazo?"

"Kwenye tovuti mimi naruhusiwa kusoma tu."

Kumbe fundi wa tovuti alipouliza nani aandike, nani afute na nani asome tu, kamati iligawa ruhusa kwa umri. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akapewa zote. Karani, mdogo kuliko wote, akabaki msomaji. Heshima kwetu haina mchezo.

Mara mwenyekiti akaingia, vumbi hadi kwenye kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mmetuacha viongozi peke yetu Usagara?"

Karani akamwonyesha tangazo kwenye kompyuta. Mzee akatoa mfukoni karatasi yenye neno la siri, akaikinga kwa kofia.

"Geukeni kule."

Tukageukia ukutani. Nyuma yetu kidole kimoja kikawa kinatafuta herufi, moja baada ya nyingine.

"Mzee," nikauliza ukuta, "ajenda ilikuwa nini?"

"Kumpa karani ruhusa ya kuandika. Imeahirishwa, akidi haikutimia."