Meza Yenye Kitambaa

Kupika chakula cha mtu mmoja ni adhabu. Ukipika kidogo unaona huruma kuwasha moto, ukipika kingi unakula kiporo siku mbili huku umenuna. Ndiyo maana miaka ile niliyofundisha Tingi, mimi mtu wa Singida nisiye na ndugu wala shoga huko, Jumapili nilikula hotelini.

Hoteli nilizijaribu nyingi. Mwisho wa mwezi nilipanda basi hadi Mbinga mjini, nikala chipsi na kuku kwenye mgahawa wenye televisheni kubwa. Wenzangu walitazama mpira, mimi nikatazama visogo vyao. Milima yote kule imejaa kahawa, lakini ukiagiza kahawa unaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ya dukani. Nililalamika mara moja, mhudumu akaniuliza kama nataka chai. Mara nyingine niliteremka ziwani, kwenye baa za upande wa Kihagara. Usipa wao wa kukaanga, dagaa wa ziwa lile, ulikuwa mtamu mno, ila mwanamke aliyekaa baa peke yake huonekana ama anamsubiri mtu ama ameachwa, na mimi sikuwa na hata wa kuniacha. Nikaishia palepale Tingi, kwenye hoteli ndogo kando ya barabara.

Mwenye hoteli alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwimba kwaya kanisani, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka bonde la pili. Ndani kulikuwa na mabenchi ya madereva na abiria, na pembeni meza moja yenye kitambaa cheupe cha kufuma na maua ya plastiki. Hiyo ilikuwa ya wageni. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akafuta kiti kwa upindo wa kanga yake, akasema, "Karibu meza, mwalimu." Nikajiona mtu. Mwaka ukapita, bado nafutiwa kiti.

Jiko lilikuwa nyuma ya pazia. Huko, wakishamaliza kuhudumia, mama na binti zake wawili walikula kwenye sinia moja, wakiongea Kinyasa na kucheka. Mimi nilinawishwa, nikaletewa samaki mzima, mbasa wa ziwani, halafu nikaachwa naye tukitazamana. Siku moja nilibeba sahani yangu mwenyewe kuipeleka jikoni, nikidhani nimepata ujanja wa kuingia. Mama akanipokea kwenye pazia kwa mikono miwili. "Usijisumbue, mwalimu. Wewe ni mgeni wetu." Nikarudi mezani. Heshima ile iliniuma kuliko tusi, maana tusi ningelijibu.

Nikaomba uhamisho. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuwa na wa kumwambia.

Ulikuja mwaka wa tatu, wakati nimekwisha kuusahau. Mkuu wa shule aliniita ofisini akanipongeza, narudi Singida. Jumapili nikaenda kumuaga mama. Nikakuta meza yangu imekaliwa na bwana mmoja aliyeshuka kwenye gari la serikali, keshanawishwa, anayakodolea macho maua ya plastiki. Nikasimama katikati ya chumba, sijui nielekee wapi. Pazia likafunuliwa.

"Unasimama nini hapo?" mama akasema. "Pita huku. Mgeni ana haraka na mimi nimezidiwa. Shika hizi mboga."

Nikapita. Nikapewa kigoda, na fungu la majani ya maboga ya kutoa nyuzi. Moshi uliniingia machoni. Binti mdogo aliniangalia ninavyohangaika na majani, akacheka waziwazi, akanionyesha pa kushikia. Baadaye ugali wa muhogo ukapakuliwa kwenye sinia, na usipa pembeni, tukala, mikono ikigongana. Hawakuacha Kinyasa chao kwa ajili yangu. Sikuelewa neno, lakini walipocheka nilicheka. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

"Jumapili ijayo uwahi," mama akaniambia, mdomo umejaa. "Kuna kisamvu cha kutwanga, na wewe mikono yako imekaa bure."

Ningeweza kuitikia tu. Lakini nilikuwa nimekalia kigoda chake, sikuweza kumdanganya. "Mama," nikasema, "nimehamishwa. Naondoka Jumatano."

Binti mkubwa aliuliza kama ni mbali, nikamwambia ni mbali. Mama akanawa mikono, akatoka mbele. Yule bwana alikuwa amekwisha kuondoka. Nikamsikia mama akikung'uta kitambaa. Aliporudi alinishika mkono kwa upole, kama mtu anavyomshika mfiwa.

"Basi njoo, mwalimu," alisema. "Huwezi kuondoka kwangu umekula usipa umekaa chini."

Nilimwambia nimeshiba, nilimwambia hapa panatosha, hakusikia. Alinifutia kiti. Alininawisha upya, akaniletea mbasa mkubwa kuliko wote niliowahi kula pale, akasema, "Karibu sana," akarudi jikoni na kushusha pazia nyuma yake. Nilimla samaki yule wote, tumbo likiniuma, nikitega sikio nisikie kama watacheka.