Nilivyosafirisha Majitaka ya Harusi kutoka Tabora

Kilichonitoa Dodoma kwenda Tabora ni vyoo vya watu nisiowajua. Kazi yangu ni kuangalia taarifa zinazotumwa na vifaa vidogo tulivyovitundika ndani ya chemba za majitaka katika miji kadhaa. Vifaa hivyo hupima wingi wa maji, joto na uchachu, kisha hutuma vipimo kwa mtandao wa simu, ili ugonjwa ukianza mtaani tushtuke kabla wodi hazijajaa. Wiki ile, kifaa cha mtaa mmoja wa Tabora, jirani na Hospitali ya Kitete, kilituma vipimo vya ajabu: maji yamepanda, yamepata moto, na hayataki kushuka. Mtaa mzima ukienda chooni kwa pamoja, huenda kuna kipindupindu. Kifaa hakiwezi kumwona mdudu wa ugonjwa. Lazima mtu aende, achote, alete maabara. Bosi alitazama ofisi nzima, akaona mimi ndiye mwenye mafua. "Wewe hutasikia harufu," akasema.

Jumatano alfajiri nilipanda basi nikiwa na deli la barafu, kama yale ya wauza aiskrimu, limejaa chupa tupu. Tulipita Singida, Igunga na Nzega. Zamani, wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora na pembe za ndovu begani wakielekea pwani. Nilijaribu kujiona mrithi wao, nikakumbuka mzigo nitakaorudi nao, nikaacha.

Tabora nilifika jioni. Bi Mwajuma, afisa afya wa eneo lile, alinipokea akanipeleka moja kwa moja kwa Mzee Nassor, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani. Chemba yenye kifaa ilikuwa mbele ya nyumba yake, na nyumba ilijaa watu hadi barazani. Binti yake alikuwa anaolewa Jumapili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetuchungulia chooni ukiwa Dodoma?"

Nilimweleza kwamba ni sensa tu, ndivyo sisi ofisini tunavyokiita kifaa kile.

"Sensa? Sisi si tulishahesabiwa?"

"Hii haihesabu watu, mzee."

"Inahesabu nini?"

Nilitafuta neno la heshima, nikaishia kumwonyesha mfuniko wa chemba kwa kidole.

Mkewe, Bi Zuwena, alisema maji yamezidi kwa sababu ya wageni. Ndugu wa Nzega wameleta watoto wao, na shangazi zake wanaoga maji ya moto asubuhi na jioni kana kwamba wanachemshwa. Bi Mwajuma alimsikiliza mpaka mwisho. "Wageni wengi ni maji mengi, mama. Lakini kipindupindu nacho kinapenda wageni wengi. Bila majibu ya maabara, hakuna kupika pilau la watu wote."

Mzee Nassor alikaa chini taratibu. Kadi zilishatoka, ng'ombe walishafungwa uani, na upande wa bwana harusi ulikuwa wa watu wepesi kununa. Bi Zuwena alinivuta pembeni akauliza kwa sauti ndogo kama kifaa changu kinaweza kujua mume wa mtu amekula wapi mchana. Nilisema hakiwezi. Alionekana kusikitika kuliko mumewe.

Alhamisi asubuhi nilifungua chemba. Wageni wote walitoka kutazama, shangazi wakiwa na khanga puani. Mmoja alitaka kujua kama nitaweza kutofautisha ya kwao na ya jirani. Nilichota, nikafunga chupa, nikazifukia kwenye barafu, nikawahi basi.

Mbele ya kijiji cha Puge basi lilisimamishwa kwenye kizuizi. Mkaguzi wa mazao ya misitu, anayesaka asali isiyo na kibali, aliingia, akapita hadi kwenye deli langu.

"Asali hii ina kibali?"

"Si asali, afande. Ni majitaka."

"Leo kila mwenye asali ana majitaka," alisema, akatoa chupa moja. "Fungua nionje."

Nilimwambia ukweli wote: chemba, wageni, pilau. Nilimwomba asiguse zile chupa zenye karatasi za maabara, maana ikifunguliwa moja, vipimo vinaharibika na harusi inaharibika. Abiria walicheka. Mama Kulwa wa kijiji cha Choma, aliyeketi jirani yangu na ndoo ya asali yenye kibali halali, hakucheka.

"Baba, mwache akupe ya kunusa," alimwambia mkaguzi. "Asali haifichiki."

Nilikuwa na chupa ya ziada isiyo na karatasi. Nilimpa. Aliifungua, akaingiza pua yote. Machozi yakamtoka, kisha akaifunga kwa uangalifu mkubwa na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Dereva," aliita, "usisimame njiani."

Mama Kulwa alihamia kiti cha mbele. Kuanzia hapo hadi Dodoma nililala nimejinyoosha.

Jumamosi mchana majibu yalitoka: hakuna kipindupindu. Nilimpigia Mzee Nassor mwenyewe. Nilimsikia akimshukuru Mungu, halafu akaniomba nirudie polepole, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa.

Nilikuwa nimeondoka nikiamini watu wataona aibu kuchunguzwa vyoo vyao. Jumapili jioni nilijifunza vingine. Bi Mwajuma alinipigia akicheka hadi akashindwa kusema. Kabla pilau halijapakuliwa, Mzee Nassor alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba majitaka ya nyumba yake yamepimwa maabara, Dodoma, yakaonekana hayana neno. Upande wa bibi harusi ukapiga vigelegele. Upande wa bwana harusi ukanuna, kisha ukamtuma mjumbe kwa Bi Mwajuma kuuliza ya kwao yatapimwa lini.