Kutafuta Magadi Dar es Salaam

Vijana wa rika langu kule Shinyanga walikuwa wakienda Geita kuchimba dhahabu. Mimi sikuitaka dhahabu. Nilitaka Dar es Salaam. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa amekaa huko, na kila somo lake la jiografia liliishia bandarini, kwenye meli zenye ghorofa ndani yake. Kwa miaka saba nilizibeba meli hizo kichwani huku nikichunga ng'ombe wa baba na kupalilia pamba.

Nafasi ilipokuja, ilikuja na ng'ombe. Mjomba wangu alikuwa akiwasindikiza ng'ombe wa tajiri mmoja aliyewanunua mnadani na kuwapeleka pwani kwa treni. Msaidizi wake aliugua, akaniita mimi. Tulikubaliana hivi: tukishawafikisha kwenye zizi la mapumziko nje ya mji, siku hiyo ni yetu, na kesho yake alfajiri treni inaturudisha. Siku moja ilinitosha. Nilijua nitaanzia wapi.

Kama hujawahi kusafiri ndani ya behewa la ng'ombe, usiogope, kazi yenyewe inafundishika. Unasimama kati yao na fimbo. Akilala mmoja, wenzake watamkanyaga, kwa hiyo unamwinua upesi: unashika mkia karibu na shina, unaupinda kidogo, naye atakasirika asimame. Usimpige. Ng'ombe aliyechoka akipigwa hukata tamaa kabisa. Hayo niliyajua kabla ya Tabora. Kufika Dodoma nilikuwa nimejua kulala nimesimama, na kufika Morogoro sikutaka tena kujua kitu chochote.

Tulishuka saa moja asubuhi. Ng'ombe wetu walikuwa kumi na wanane, wote wazima. Mjomba akawapeleka kwenye birika refu la saruji lenye maji ya bomba, safi kuliko maji yoyote niliyowahi kunywa. Wa kwanza akanusa, akageuza kichwa. Wa pili vivyo hivyo. Mpaka wa mwisho.

"Watakunywa baadaye, Mjomba," nikasema. Nilikuwa nimekwishavaa shati langu jeupe.

"Baadaye lini?"

"Wakisikia kiu."

"Wametoka safari ya siku tatu. Kiu wanayo. Maji haya hayana ladha."

"Mlinzi wa zizi anasema ng'ombe wote hunywa haya."

"Ng'ombe wake."

Hapa inafaa nieleze, maana wakati ule hata mimi nilikuwa nimesahau. Kwetu ardhi nyingine ina chumvichumvi. Ng'ombe huilamba tangu ndama, na maji ya visima vyetu yana ukali fulani kwenye ulimi. Mjomba aliamini kwamba ng'ombe aliyezoea hayo hawezi kuyatambua maji matamu kuwa ni maji. Tena alikuwa na sheria yake: ng'ombe wasipokunywa, yeye hali. Na asipokula yeye, mpwa wake anakula vipi? Nilikaa juu ya ukingo wa birika na njaa yangu.

Akawapigia mluzi, ule wa taratibu tunaowapigia wakinywa. Mlinzi akatoka kibandani kuja kutazama.

"Mzee, unawaimbia?"

"Nawaita kwenye maji."

"Hapa mjini sisi tunawachinja tu."

Mjomba akawageukia ng'ombe. Akaendelea kupiga mluzi mpaka saa nne, midomo ikamkauka, na mimi nikihesabu siku yangu ikiyeyuka.

Ndipo lori lililobeba ngozi likasimama langoni, likielekea mjini. Mjomba akaniambia, "Nenda." Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza. "Ulete magadi," akaongeza.

"Magadi?"

"Nusu debe. Tutayatia kwenye birika, maji yapate ladha ya kwetu. Dereva anarudi saa tisa, urudi naye."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Dar es Salaam, juu ya ngozi mbichi, nikiwa na kazi.

Mwenye duka la kwanza alikuwa na magadi. "Ya maharage, siyo? Kijiko kimoja kinatosha."

"Nataka nusu debe."

"Ndugu yangu, unapikia jeshi?"

"Ni ya ng'ombe."

Akanusa, akaelewa harufu inatoka wapi, akasogeza kigoda chake nyuma. Duka la pili hawakuwa nayo. La tatu likanipeleka kwenye duka la dawa, ambako nilipewa maelezo marefu juu ya kiungulia. Nilipita barabara za lami, majumba yenye roshani, baiskeli nyingi kuliko ng'ombe wa kijiji chetu, na katika vyote hivyo nilikuwa natafuta mahali penye magadi. Mtu mmoja hatimaye alinishauri jambo la akili: wauza ugoro huchanganya tumbaku na magadi, kawaulize wao, sokoni.

Nilimwuliza askari njia. "Soko umeliacha nyuma," akasema. "Huku mbele ni bandarini, dakika kumi tu."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Nikasimama pale njia panda kama mti. Muda ulikuwa wa kwenda sehemu moja. Ng'ombe wenyewe hawakuwa wangu, wala wa mjomba. Nilijaribu kufikiria meli, lakini kila nilipojaribu niliona vichwa kumi na vinane vimegeuzwa kando, na mzee mwenye midomo mikavu akipiga mluzi. Nikarudi nyuma, nikinung'unika kwa Kisukuma ili askari asinisikie.

Muuza ugoro alikuwa mama mnene aliyekaa juu ya mkeka. "Mama, una magadi?" nikamuuliza.

"Kwanza tuamkiane."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, unataka kiasi gani?"

Nilipomwambia, akacheka mpaka akafuta macho. "Nikikuuzia yote, wazee wangu watanusa nini jioni?" Lakini aliniuzia karibu yote, na kunifungia vizuri kwenye gunia dogo.

Nilifika zizini saa kumi, gunia begani. Mjomba alikuwa amekaa kivulini akila mihogo. Ng'ombe walikuwa wamelala, wanacheua.

"Wamekunywa?"

"Saa sita."

"Umefanya nini?"

"Sikufanya kitu. Jua lilipokuwa kali yule mwekundu akaenda mwenyewe, wengine wakamfuata."

"Kwa hiyo walikuwa hawajasikia kiu tu."

"Ulisema hivyo asubuhi," akakubali, bila aibu hata kidogo, akanisogezea mihogo. Kisha akaniuliza, "Meli ulizionaje?"

"Sikuziona."

Akaacha kutafuna.

Alfajiri tukapanda treni ya kurudi. Sikumsemesha. Alinipa karanga, nikazila nimempa mgongo. Tulipita Morogoro, tukapita Dodoma. Baada ya Dodoma akaanza kuongea akitazama dirishani, kama anayeongea na miti.

"Mwezi ujao kuna mzigo mwingine, ng'ombe wengi zaidi. Tukifika, wewe utangulie mjini asubuhi hiyo hiyo. Mimi nitabaki nao."

"Na wasipokunywa?"

"Watakunywa, ng'wana wane," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma.

Nilikuwa bado na hasira, na nilikusudia kuitunza mpaka nyumbani. Niliweza mpaka Manyoni tu. Hapo nikamwuliza mzigo huo unaondoka siku gani.