Mchanga wa Mama Neema

Mtaa mzima hapa Kiseke unajua kwamba dagaa za Mama Neema zina mchanga, na mtangazaji ni mimi.

Tangu mke wangu afariki, jirani huyu ndiye mgeni wangu pekee. Kila Jumamosi huniletea bakuli la dagaa. Nesi wa kliniki ya wazee aliniambia, "Babu, usikae na mambo moyoni. Yatoe kwa sauti." Basi kila asubuhi nikawa najificha nyuma ya jiwe kubwa la uani, nayatoa yote, dagaa zikiwemo. Kumbe jiwe hilo hupeleka sauti bondeni kote.

Jumamosi Mama Neema akaja na bakuli.

"Shikamoo, babu. Za leo nimeziosha mpaka maji yakatakata."

"Marahaba," nikajibu, uso ukiniwaka.

Bakuli lake bado liko kwangu. Halirudishwi tupu, nami sijui nitie nini.