Jina la Nyanya Bila Irabu

Mimi ni mwepesi wa hasira, na nyingi hunipoa kabla ya chai. Hii ya anwani ya duka la mama imekataa kupoa.

Mama anauza udi hapa Msambweni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Skuli hakwenda, alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chake chote anakiandika kwa herufi za Kiarabu, mpaka kwenye makopo ya udi. Nilipomwambia namfungulia duka la mtandaoni, alitaka kitu kimoja tu. Anwani iwe jina la marehemu nyanya yangu, kwa herufi hizo, ili aweze kuliandika kwenye simu na kulifungua duka lake mwenyewe.

"Hilo dogo, mama," nikasema. Mdomo wangu nao.

Nilikwenda Ukunda, kwenye saiba, duka la intaneti ninakofanyia kazi, nikaliandika kwenye tovuti ya kusajili anwani kama alivyoniandikia. Likakataliwa. Nikarudia, wapi. Ndipo nikasoma masharti yao. Herufi za Kiarabu ruhusa, tarakimu ruhusa, kistari ruhusa mradi kisikae mwanzo wala mwisho. Irabu, vile vialama vya juu na chini ya herufi vinavyotuambia tusome a, i au u, hazitakiwi. Mwarabu hasumbuki, amezoea kusoma bila hivyo. Sisi tunabaki kubahatisha. Nani aliyetuuliza?

Jioni nikamwonyesha mama jina lisilo na irabu. Akavaa miwani, akalitazama sana.

"Huyu nani?"

"Nyanya, mama."

"Mamangu hakuitwa hivi. Hii ni mifupa yake."

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia basi tutumie herufi za kizungu, mambo yaishe.

"Haya, mwanangu, wewe ndiwe mjuzi," akasema, kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Duka linakwenda vizuri, alhamdulillahi, oda zinatoka mpaka Nairobi. Jana alasiri nilimkuta barazani na jirani aliyetaka kuona bei. Mama akaninyooshea simu.

"Hebu nifungulie duka lako."

"Ni lako, mama," nikasema, nikalifungua. Juu kabisa lilikuwapo jina la mama yake, kwa herufi za kizungu. Akalipitishia macho kama mtu anayepita nyumba ya watu asiowajua, akamwambia jirani angoje kidogo, mwanawe atawasomea.