Aliyekataa Kuombewa

Kwetu mtu hapati kitu, anaombewa. Ukitaka kitanda hospitalini, kuna mtu wa kuongea naye. Ukitaka mwanao ahamishwe kambi ya jeshi, kuna mtu. Hata kile ambacho ni haki yako kabisa, umekitolea jasho na dunia nzima inajua ni chako, utaona haya kukichukua kabla ya kupita ofisini kwa mheshimiwa na kumwachia chochote mezani. Nina mgahawa hapa bandarini, na kila siku nawasikia watu wakijisifia jambo hili juu ya vikombe vyangu vya kahawa kana kwamba ni akili. Damu hunichemka, ila mimi hunyamaza kwa kuwa ni wateja. Kwa Evanthia, binti wa marehemu kaka yangu, sikunyamaza na sitanyamaza.

Evanthia alikuwa mtoto wa maneno machache katika kisiwa ambacho kila mtu anajua jirani amepika nini. Aliwazamia pweza, akikaa chini ya maji mpaka mama yake anaanza kupiga mayowe juu ya mwamba. Siku moja nilimuuliza anafuata nini huko chini muda wote ule.

"Huko hakuna anayeniuliza kitu, shangazi," akanijibu, akanikabidhi pweza.

Kwa hiyo sikushangaa alipofaulu mitihani na kuingia chuo cha maafisa wa jeshi la majini, wala nilipomsikia akitaja nyambizi. Wenzake walitaka manowari za mbio, au ndege, au ofisi yenye kiyoyozi Athens. Yeye alitaka kwenda chini. Alisoma kama mtu anayefukuzwa. Likizo alikuja na vitabu vyake, akakaa meza ya pembeni kwenye mgahawa wangu, na wazee wakamtania.

"Evanthia, hiyo nyambizi ina dirisha?"

"Haina, mzee."

"Sasa utajuaje umefika?"

"Nitakupigia simu uniambie. Wewe si unajua habari za kila mtu?"

Baada ya mwaka wa pili chuo kile kina desturi yake. Mwanafunzi anaulizwa mara moja tu: unarudi kwenu bila deni wala lawama, au unatia saini? Ukitia saini, unasimama mbele ya padri na picha ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa mabaharia, unaapa, na kuanzia hapo ujana wako wote ni mali ya jeshi. Mama yake, Marigo, wifi yangu, alilia wiki nzima akimsihi arudi. Evanthia akatia saini. Hebu fikirini: msichana ambaye bado hajajua hata atampenda nani, wanamwomba miaka yake, naye anaitoa. Na wao walimwahidi kitu kimoja tu badala yake. Mwaka wa mwisho, kila mmoja atachagua njia yake kwa zamu, kwa kufuata alama zake. Wa kwanza anachagua kwanza, wa mwisho anaokota kilichobaki. Hakuna mtoto wa fulani. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Marigo naye alikuwa na makubaliano yake. Si mtu mbaya, wifi yangu. Ni mtu aliyezaliwa hapa. Alichoogopa ni mwanawe kulala chini ya bahari ndani ya bomba la chuma, na hofu hiyo haikusikia la kuambiwa, ingawa mume wake mwenyewe, kaka yangu, alifia kitandani, pakavu kabisa. Basi bila kumwambia mtu alipanda kwa mbunge wetu, Mheshimiwa Leandros Kutsuvelis, na jibini kubwa la mbuzi mkononi, na asali. Akamwomba mwanawe awekwe ofisini. Mheshimiwa akamshika bega, akamwambia lala usingizi, mama.

Siku ya kuchagua, familia hualikwa. Nilifunga mgahawa, nikaenda na Marigo. Ukumbini kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha bluu, juu yake beji: za manowari, za ndege, za makombora, za ofisi za makao makuu, mbili za nyambizi, na mwisho kabisa beji za meli za kupeleka maji visiwani, ambazo wanafunzi wanaziita ndoo na hakuna anayezitazama mara mbili. Ukiitwa unatoka, unachukua beji yako, unawageukia watu, unainyanyua na kusema: "Nimechagua mwenyewe." Hayo tu. Watu wanapiga makofi, anaitwa mwingine.

Evanthia alikuwa wa pili katika darasa zima. Wa kwanza, kijana mrefu wa Thesalonike, alichukua ndege. Jina la Evanthia likaitwa, akatembea moja kwa moja hadi zilipo beji za nyambizi, mkono umeshanyooshwa.

"Hapana, wewe ni makao makuu," akasema kapteni aliyekuwa nyuma ya meza.

Mkono ukabaki hewani. "Afande?"

"Makao makuu, Athens. Umeombewa."

Kuna waliocheka. Katika ukumbi ule neno hilo ni matusi. Nikamgeukia Marigo, nikamwona anarekebisha mtandio wake, uso umemng'aa. "Kumbe mheshimiwa amefanya!" akaninong'oneza. Nilihisi kama nimemwagiwa kahawa ya moto kifuani.

"Nani ameniombea, Afande?" Evanthia aliuliza.

"Binti, usinitafutie matatizo. Wenzako wangelilia nafasi hiyo. Chukua beji, sema maneno, nenda ukakae."

"Maneno yenyewe yanasema nimechagua mwenyewe. Nitayasemaje?"

"Kama wanavyoyasema wengine."

"Basi siyasemi."

Kapteni akavuta pumzi. Sikuona kwamba alikuwa na furaha, lakini hilo halinihusu. Mtu mzima aliyevaa nyota zote zile angeweza kusema hapana kwa aliyempigia simu. "Anayekataa anapoteza zamu," akasema. "Utachagua baada ya wa mwisho."

"Nitasubiri."

Na akasubiri, amesimama wima pembeni ya meza, huku wale aliowashinda kwa miaka minne wakipita mbele yake mmoja mmoja. Beji ya kwanza ya nyambizi ikaondoka mapema. Ya pili ikachukuliwa na msichana aliyeishi naye chumba kimoja, aliyeitaka kwa haki kabisa, na aliyesema maneno yake akitazama sakafu. Beji ya makao makuu, ile aliyoikataa Evanthia, ikaenda kwa kijana wa mwisho darasani, ambaye nusura acheze kwa furaha. Nilitaka kuinuka nikapindue meza. Marigo alinishika mkono, na wakati huo uso wake haukung'aa tena. Alikuwa ameshajivuta nyuma ya mzee mnene wa mbele yetu, amejifunika mtandio hadi puani.

Mezani palibaki ndoo. Evanthia akaichukua, akatugeukia, akainyanyua juu.

"Nimechagua mwenyewe," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mimi, na nilipiga mpaka viganja vikauma.

Kwenye feri ya kurudi Evanthia alimuuliza mama yake swali moja. "Ulimpelekea nini?"

"Jibini."

"Jibini tu?"

"Na asali kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mtungi," Marigo akasema, na kilio kikamtoka. "Nilitaka ulale pakavu, mwanangu! Kila mtu anafanya hivyo. Mama gani asingefanya?"

Evanthia alitazama maji. "Nafasi niliipata, mama. Nilikuwa nimeshaipata." Baada ya hapo hakumsemesha tena. Alimaliza likizo yake nyumbani kwangu, akaapishwa uafisa, akaripoti kwenye meli yake.

Na unadhani watu wa hapa walisema nini? Walisema ameombewa. Habari za mtungi wa asali zilifika kabla ya feri, na zilipofika zilikuwa zimegeuka: mheshimiwa ndiye aliyemtafutia kazi binti wa Marigo, maana msichana wa kisiwani angewezaje kuwa afisa? Nilibishana nao mpaka nikaanza kuwanyima maji na kahawa. "Tulia, Stamata," wakaniambia. "Kusaidiwa si dhambi." Marigo alipita na kapu lake, akasikia, akainamisha kichwa, akaenda zake. Na mimi nikamkasirikia yeye kuliko wote, kwa sababu ni yeye pekee ambaye wangemwamini akiusema ukweli, naye akaukalia.

Agosti matangi yetu yakakauka. Hilo ni jambo la kila kiangazi. Tunasubiri meli ya maji kama watu wengine wanavyosubiri mvua. Safari hii meli iliyoingia ilikuwa yake. Nilimwona juu ya sitaha, mikono imejaa grisi, akiwaelekeza mabaharia watu wazima namna ya kulivuta bomba, nao wakimtii bila kusuasua. Kisiwa kizima kilikuwa gatini na ndoo zao na mapipa. Na nani mwingine angekosa? Mheshimiwa Kutsuvelis, shati jeupe, na mpiga picha wake.

Akapanda juu ya kreti la samaki. "Ndugu zangu," akasema, "niliahidi maji, maji haya hapa! Na tazameni nani kayaleta: binti yetu, mtoto wa nyumbani, ambaye ofisi yangu imemshika mkono tangu mwanzo hadi kufika hapo alipo!"

Wakapiga makofi. Wapumbavu wale, na ndoo zao tupu, wakapiga makofi. Kwenye sitaha mabaharia waliacha kazi, wakamtazama afisa wao. Evanthia alikuwa amepigwa chapa ile ile ya ukumbini, ya aliyeombewa, safari hii mbele ya watu anaopaswa kuwaamuru, na hakuwa na namna ya kujitetea. Angebisha, wangesema hana shukrani.

Nilikuwa nimeshavua aproni niende nikamshushe mheshimiwa kutoka kwenye lile kreti. Marigo alinipita. Aliwasukuma watu kwa pipa lake mpaka akasimama mbele ya yule bwana.

"Mheshimiwa, nirudishie jibini langu."

Watu wakacheka. Naye akatabasamu. "Mama yangu, hapa si mahali pake."

"Ndipo hapa hapa. Nilikuletea jibini na mtungi wa asali umweke mwanangu ofisini. Wasikie wote! Nilimwombea mimi, yeye hakujua. Alikuwa wa pili katika chuo kizima, angechukua alichokitaka. Tukamnyang'anya, mimi na wewe. Ulichompa alikikataa mbele ya watu, nami nikajificha nyuma ya mtandio. Meli hii aliichukua baada ya wote kumaliza, kwa mkono wake. Hukumpa wewe." Akanyoosha kiganja. "Kwa hiyo kazi uliyolipwa jibini hukuifanya. Lilete."

Hakuna aliyecheka tena. Mpiga picha alishusha kamera yake. Mheshimiwa akatafuta pa kushukia kutoka kwenye kreti na hakuna aliyempa mkono. Jibini hajalirudisha hadi leo, na mwaka ujao watampigia kura tena, nawajua. Nafasi ya nyambizi nayo haikurudi; msiniulize kama inaweza kurudi, maana nikiwaza hilo silali.

Marigo alibaki pale na kiganja chake wazi. Juu ya sitaha Evanthia aliwaambia kitu mabaharia, wakashika bomba. Kisha akashuka ngazi hadi gatini, akapita katikati ya watu wote wale waliokuwa wakisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya feri akamsemesha mama yake.

"Lete pipa lako," akamwambia. "Unaanza wewe."