Nilivyokwenda Kumwona Kabula Akicheza Kikapu

Mungu Baba ashukuriwe, aliyeniachia miguu ya kwenda na macho ya kuona.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu hapa Dutwa, kondakta wa basi aliniletea ujumbe wa dada yangu Minza, aliyeko Mwanza. Kitinda mimba wangu Kabula, aliyesoma akiishi kwake, ametakiwa na timu ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam. Kampuni yenye timu hiyo itamwajiri, naye ataichezea. Lililobaki ni neno langu.

Mama yake alinuna. "Mtoto wa kike alipwe kwa kurukaruka? Nenda ukaone mwenyewe. Utakalosema, nitalikubali."

Alfajiri nikapanda basi. Lamadi wakaingia vijana wawili, fulana zao za mitumba zina namba kubwa mgongoni. Nikawauliza kama kikapu ni kazi kweli.

"Mzee, Marekani wanajenga majumba kwa kikapu! Tunawaona kwenye televisheni."

"Na hapa kwetu?"

Mwenzake akacheka. "Hapa bado tunajenga magoli, babu."

Tulipopita Kalemela, ziwa likatokea upande wa kulia. Nikasali rozari hadi Magu.

Mwanza, alasiri, Minza alinipeleka uwanjani. Watu walikaa hadi juu ya ukuta. Kabula alinijia na kaptula yake ya mchezo, akapiga goti kwenye saruji mbele ya watu wote, akanisalimu Kisukuma. "Mwadila, baba."

Mchezo ukaanza. Wapinzani wakafunga, wakafunga tena. Nikachukua fimbo yangu, nikahamia upande wao.

"Kaka, unakwenda wapi?" Minza alipiga kelele. "Huko ni kwa maadui!"

Lakini kwetu, baada ya mavuno, ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, na watazamaji huhamia inayonoga. Hata baba wa mchezaji huhama. Ndivyo mshindi anavyojulikana.

Kabula aliniona. Akasimama kidogo, mpira mkononi. Kisha akaanza kukimbia kama aliyeitwa. Alifunga, akapokonya mpira, akafunga tena, hata nami nikanyanyuka na kurudi kwa Minza.

Jioni nilimwuliza kama nilimwaibisha.

"Hapana, baba. Wenzangu walicheka, lakini mimi nilijua unanitaka nifanye nini. Nilikuwa nakurudisha."

Nikaweka mkono kichwani pake. "Umenirudisha kwa haki, mwanangu. Nenda Dar es Salaam, na Mungu akutangulie."

Nyumbani nilimsimulia mama yake yote.

"Ulimhama kweli?"

"Nilimhama."

"Akakurudisha?"

"Akanirudisha."

Akavuta ungo, akaanza kuchagua mchele. "Apelekewe huu. Huko atanunua wa nani?"

Nilijifunza kwamba mtoto anaweza kuingia uwanja nisioujua, na bado akacheza kwa moyo aliolelewa nao.

Nawe unayesoma, Bwana awalinde watoto wako walioko mbali, na akupe uzima wa kuwaona wakifurahi.